Mwalimu, usisaini huo mkopo Ijumaa

Unasema umeajiriwa mwaka juzi, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakukata deni lako la chuo, umechoka kuiona kwenye slipu ya mshahara, na kuna taasisi itakupa milioni 8 umalize Bodi yote na chenji ibaki mkononi. Usisaini. Mimi nilisaini Septemba 2022 na nakatwa mpaka 2028.

Afisa mikopo alitukuta ofisi ya walimu saa ya chai, na fomu mkononi. Akaniambia maneno hayohayo uliyoambiwa: "Maliza Bodi, slipu iwe safi, utakopesheka zaidi. Riba ni asilimia 1 tu kwa mwezi." Asilimia 1! Nikaona ni kama bure. Najua kuna watakaosema mwalimu wa hesabu kapigwa hesabu. Mimi nafundisha Kiswahili, tuelewane.

Sasa soma taratibu. Nilikuwa nadaiwa Bodi 5,400,000. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 700,000, Bodi inachukua asilimia 15, yaani 105,000 kwa mwezi. Deni lingeisha ndani ya miezi 52, na ningelipa hiyohiyo 5,400,000. Kwa nini? Kwa sababu ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inawafanya watu walipe miaka na deni halisogei, ilifutwa 2021. Mimi nilibaki na hofu ya kaka zangu waliosoma zamani, wakati deni langu lilikuwa limeshaacha kuzaa.

Nikalichukua deni lisilozaa nikalilipa kwa deni linalozaa. Milioni 8, miezi 72. Ile asilimia 1 ilipigwa kwenye milioni 8 yote kila mwezi mpaka mwisho, hata nikibakiza laki mbili. Riba 80,000, mkopo wenyewe 111,111, jumla 191,111 kwa mwezi. Zidisha mara 72: 13,760,000. Riba peke yake 5,760,000, na katika hiyo 3,888,000 ni ya ile sehemu niliyopeleka Bodi. Karibu milioni 4 nimelipia deni ambalo halikuwa na riba hata shilingi! Afisa aliita asilimia 12 kwa mwaka. Ukikokotoa kwa salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu kila mwezi, inakaribia 20 kwa mwaka. Alijua. Nilipomrudia kuuliza akaniambia nilisoma mkataba mwenyewe. Mkataba kurasa kumi na moja, muda wa chai dakika ishirini, kengele inagonga, darasa la watoto 90 linanisubiri. Mtu wa namna hiyo anakula kamisheni kwa jasho la walimu na bado analala usingizi, hilo linaniuma kuliko hata hela.

Na hiyo slipu safi? Ilikaa safi mwezi mmoja. Mwezi wa pili makato ya 105,000 yametoka, yameingia ya 191,111. Shilingi 86,000 zimepungua mezani kwangu kila mwezi, mke wangu akawa ananiuliza Bodi si umemaliza? Nikawa sina jibu.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na nitairudia mpaka uchoke: usilipe deni lisilo na riba kwa hela yenye riba. Bodi iache ikate. Inauma kwenye slipu lakini inapungua kwelikweli, kila 105,000 inayotoka inashusha deni kwa 105,000. Ukipata hela yako mwenyewe, ya mavuno au ya malimbikizo ya mshahara, hapo peleka Bodi ukipenda.

Wewe kesho mpigie afisa wa hiyo taasisi yako, mwambie akuandikie kwenye karatasi jumla utakayorudisha mpaka mwezi wa mwisho, si makato ya mwezi. Akikuandikia, ilete hapa kabla ya Ijumaa tuipigie hesabu pamoja.