Abiria wa bodaboda hana jeraha: fomu ya bima iandikwe msimbo gani?

Swali: Habari za kazi. Niko kitengo cha madai ya bima katika kituo cha afya, Morogoro. Tuliletewa abiria wa bodaboda iliyogongana na gari dogo. Daktari alimchunguza, akaagiza picha ya kifua, hakuona jeraha lolote. Kwenye fomu aliandika "RTA" (ajali ya barabarani) tu. Nikaweka msimbo V23.5, madai yakarudishwa. Kosa liko wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. V23.5 umeisoma sawasawa: abiria wa pikipiki aliyeumia barabarani kwa kugongana na gari. Tatizo umeiacha peke yake, tena abiria wako hakuumia. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, V01 hadi V99 hueleza ajali ilivyotokea, hazisemi mgonjwa ana nini. Mkaguzi wa madai anatafuta kwanza sababu ya huduma, na kwa mgonjwa huyu ni Z04.1: uchunguzi na uangalizi baada ya ajali ya usafiri.

Lakini usiikimbilie kila ukiona neno ajali. Z04.1 ni ya aliyechunguzwa asikutwe na kitu. Goti likiwa limevilia damu, inaanza S80.0, ndipo V23.5 inafuata. Shingo ikiuma na picha haina kasoro, mrudie daktari: ameona imeteguka (S13.4), au ni maumivu tu (M54.2)? Uamuzi huo ni wake, si wetu.

Najua kishawishi kilipo. Mtu anaogopa picha haitalipwa, anabandika msimbo wa jeraha. Tafadhali usifanye hivyo. Ni udanganyifu, tena jeraha hilo la uongo linabaki kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Kinachoitetea picha ni maelezo ya daktari: "Aliangukia kifua, alishukiwa kuvunjika mbavu, picha haina kasoro." "RTA" haimwelezi mkaguzi lolote kati ya hayo. Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) iambatanishwe ikihitajika, ila haibadilishi msimbo.

Kwa walioumia, angalia pia chombo walichopanda. Bajaji ina kundi lake, V30 hadi V39, usiichanganye na pikipiki. Daladala aina ya Coaster iko V70 hadi V79, lakini Noah ya watu saba inahesabiwa gari dogo, V40 hadi V49, kwa kuwa basi ni la kubeba zaidi ya watu 10. Mtembea kwa miguu ni V01 hadi V09.

Wanaorudi baadaye hawapewi Z04.1. Wa kutoa nyuzi ni Z48.0. Aliyemaliza matibabu ya mfupa uliovunjika, akaja kuangaliwa tu, ni Z09.4.

Kwa madai yako haya, mwombe daktari akamilishe maelezo kwenye faili na kusaini kwa tarehe ya siku anayoyaongeza, si ya siku ya ajali. Kisha weka Z04.1, uondoe V23.5, uwasilishe upya kabla muda wa marekebisho haujapita.