Muulize Papa Magazinye: bati limeng'olewa, zamu nimemfukuza, hesabu bado inapungua

SWALI: Papa Magazinye, jambo. Nina depo ya unga na mafuta huku Kampemba, Lubumbashi. Tangu Desemba bati la paa limeng'olewa mara mbili, zote usiku wa mvua. Mara ya kwanza ilikosekana mifuko 14 ya kilo 25, mara ya pili mifuko 9 na madumu 3 ya mafuta. Zamu, yaani mlinzi, nimeshamfukuza. Lakini hata mwezi ambao bati halikuguswa, napungukiwa mifuko sita, saba. Mume wangu anataka tununue kamera nne na mbwa. Magazinye, mtunza depo wetu, ni mtoto wa dada yake. Ndiye anayeshika ufunguo, ndiye anayeandika fishi, karatasi za hesabu ya mali. Nifanye nini?
Mama wa Kampemba

JIBU: Mama, jambo sana. Nami nikuulize: asubuhi ile, mifuko iliyokuwa chini ya tundu ililowa? Hukuniandikia, na mimi ningeitazama hiyo kabla ya kumfukuza mtu. Mvua ya Januari huku kwetu unaijua. Bati likikaa wazi hata nusu saa, unga wa juu unakuwa uji. Ukiikuta mifuko mikavu, basi bati lilifunguliwa mvua ikiwa imeshakatika, na aliyelifungua pengine alipita mlangoni kama wewe.

Tuma fundi apande, apige picha kwa simu. Mwizi wa nje hupenyeza mtaimbo chini ya ukingo: utaona mikwaruzo juu ya bati, ukingo umepinda, mbao imechubuka. Aliyesukuma akiwa ndani huliacha bati limetuna kama kifuniko cha sufuria ya bukari, na misumari imechomoka bila mkwaruzo wa nje. Halafu pima uzito. Mifuko 14 ni kilo 350. Uipandishe mmoja mmoja gizani, juu ya bati linaloteleza, zamu akiwa hapo chini, na usimwage hata kijiko cha unga?

Nasema hivi kwa sababu nilidanganywa. Nilikuwa magazinye wa saruji, tukampeleka zamu wetu polisi, akalala huko siku mbili. Siku ya tatu fundi akaniita juu ya paa, akanionyesha alama za ubao uliosukuma bati kwa chini. Mifuko ilikuwa imeshatoka kitambo, kwa mlango, mchana, kwenye pusupusu, mkokoteni wa kusukuma. Bati lilivunjwa ili lipate kubeba lawama.

Sasa hiyo sita, saba ya kila mwezi. Rundo lako likiwa mitano mbele, mitano kwenda nyuma, kumi kwenda juu, unaandika 250 na kurudi nyumbani. Umehesabu uso wa rundo tu. Katikati panaweza kuwa patupu. Sisi tulipaita kisima. Nenda Jumanne, si mwisho wa mwezi, ubomoe rundo moja zima mbele ya macho yako. Tazama na uzi wa mifuko: ule wa kiwandani umenyooka, ulioshonwa tena kwa mkono unayumba. Weka mifuko kumi kwenye mizani. Na akikwambia "huu ulipasuka", akuonyeshe mfuko wenyewe. Asipokuwa nao, haukupasuka.

Kosa kubwa ni lako, Mama, usikasirike. Umempa mtu mmoja ufunguo, kalamu na hesabu. Hata mtoto wa padri angejaribiwa. Weka kadena mbili, ufunguo mmoja kwake, mwingine kwako au kwa mtu asiye ndugu yake. Bono ya kutoka iwe na namba iliyochapwa na nakala tatu. Moja zamu aitumbukize kwenye sanduku unalolifungua wewe peke yako, na asiruhusu hata pusupusu moja kupita bila hiyo karatasi. Anayehesabu asiwe anayeandika.

Kamera moja inatosha, ielekee mlango na iwe na betri yake, maana umeme ukikatika kamera nne ni mapambo. Kile chombo kinachohifadhi picha kikae nyumbani kwako. Kikikaa depo, kitabebwa pamoja na unga. Chini ya mabati chomelea wavu wa chuma. Mbwa? Mbwa anayelishwa na magazinye atamtingishia mkia magazinye.

Kuhusu mtoto wa wifi yako: zungumza na mume wako kwanza, ukiwa na picha za paa na hesabu ya Jumanne mkononi, wala usimtaje mtu kabla. Ikithibitika, msimpige, msimfungie depo. Mpelekeni kwa OPJ, afisa wa polisi anayepeleleza makosa. Kama mnataka kumwachisha kazi kwa kosa kubwa, Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inawapa siku 15 za kazi, tangu mlipojua, kumpa uamuzi huo kwa maandishi. Vikao vya ukoo vinakula siku hizo upesi.

Na fundi akishuka akisema bati lilisukumwa kwa ndani, mtafute yule zamu. Mlipe siku zake, mwombe radhi mbele ya wapagazi, kisha muulize ni pusupusu gani alikuwa akiiona mchana.