Gharama za safari za kikazi hupungua kwenye kalenda, kabla gari halijatoka

Kampuni nyingi za huku kwetu zikibanwa na hela, kitu cha kwanza kukatwa ni posho ya mfanyakazi anayesafiri. Nimekaa upande wa uhasibu kwa muda mrefu, kwanza Nakuru na sasa Kisumu, hapa Kenya, kwenye biashara za kusambaza pembejeo na dawa za mifugo. Nasema bila kusita kwamba posho ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia. Sehemu kubwa ya pesa za safari huwa imeshaamuliwa kabla mtu hajapanda gari: nani anaenda, siku gani, anapitia wapi, na ameambiwa lini kwamba anaenda.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi Nakuru iliwahi kupunguza posho ya kulala karibu nusu. Hesabu za mwezi wa kwanza zilipendeza. Kisha watu wa mauzo wakaanza kulala kwenye lojing za kando ya steji, na mmoja akaibiwa kipakatalishi chenye oda za wateja wake. Wengine wakaacha kufika kwa wateja wa mbali, ripoti zikawa zinasema "mteja hakupatikana." Nauli za teksi na boda boda nazo zikapanda ghafla, kwa sababu mtu akibanwa huku hutafuta pa kupumulia kule. Mauzo ya maeneo yale yalichukua muda kurudi. Mfanyakazi aliyeacha watoto wake nyumbani ili akauze bidhaa zako Webuye anastahili kulala mahali penye mlango unaofungika na maji ya kuoga. Hilo kwangu halina mjadala, na kwa bahati nzuri pesa ya kuokoa ipo kwingine.

Swali la kwanza kabla ya kuidhinisha safari yoyote ni hili: kuna nini huko kinachohitaji macho au mikono ya mtu wetu? Kukagua stoo kunahitaji macho. Kufunga mashine kunahitaji mikono. Mteja mpya anahitaji kuonana na mtu, hasa huku ambako biashara bado inaanzia kwenye kiti na kikombe cha chai. Lakini mkutano wa kusomeana takwimu ambazo kila mmoja ameshatumiwa haumhitaji mtu kutoka Kakamega hadi Kisumu. Huo ufanyike kwa simu, na kampuni imnunulie mfanyakazi bando lake.

Safari zikishapita kwenye swali hilo, jambo linalookoa pesa nyingi kuliko yote ni kuziunganisha. Ukichukua daftari la gari la kampuni yoyote yenye wateja magharibi, utaona gari limeenda Kakamega Jumatatu likarudi, likaenda Bungoma Jumatano likarudi, likaenda Busia Ijumaa likarudi. Kila safari iliidhinishwa peke yake na kila moja ilikuwa na sababu nzuri. Ila Bungoma ya Jumatano ilipitia Kakamega ileile ya Jumatatu.

Sisi tunapanga kwa mizunguko. Mzunguko wa kaskazini unatoka Kisumu kupitia Chavakali hadi Kakamega, unapanda Webuye, unalala Bungoma. Kesho yake unashuka Malaba, Busia, kisha Bumala, Ugunja, Yala, Luanda, Maseno na kurudi Kisumu. Barabara ya kurudi ni nyingine kabisa, kwa hiyo kila kilomita ina mteja wake. Mzunguko wa kusini unatoka Ahero, unapinda Katito kwenda Kendu Bay na Homa Bay, unaingia Rongo hadi Kisii, unarudi kwa Oyugis na Sondu. Mwenye wateja Bondo na Mbita asizunguke ziwa kwa gari. Kuna feri ya Luanda K'Otieno hadi Mbita inayobeba magari, na inamwondolea dereva safari ndefu ya kurudi Kisumu kisha kushuka hadi Homa Bay. Uliza tu saa za feri kabla ya kutoka, maana ukiikosa umepoteza nusu siku.

Mizunguko hii ina masharti, na ni hapa ambapo wengi hushindwa. Wateja lazima wajue mapema kwamba gari linapita wiki gani ya mwezi, ili oda zao zisubiri siku hiyo. Mameneja nao lazima wakubali kwamba "dharura" ya mteja mmoja haitoshi kutoa gari katikati ya ratiba. Fundi anayesubiri spea ya elfu mbili anaweza kutumiwa kwa matatu ya asubuhi, kifurushi kikashuka steji ya Bungoma kabla ya mchana kwa nauli ya parseli. Nimegombana na mameneja wa mauzo kuhusu jambo hili kuliko jingine lolote, na sijutii.

Nairobi ni hesabu yake. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 350, na kwa gari ni saa saba hadi nane ukijumlisha malori ya mteremko wa Mau Summit. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 70 kwenda na kurudi. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo, ongeza siku mbili za mtu anayeshika usukani badala ya kufanya kazi, na usiku wa kulala ambao pengine haukuhitajika. Ndege inachukua chini ya saa moja. Kwa mtu mmoja mwenye mkutano wa nusu siku, tiketi iliyonunuliwa mapema mara nyingi hushinda gari. Kwa watu watatu au wanne wenye mizigo, gari linashinda. Kwa mtu mmoja asiye na haraka, basi au matatu ya mchana inashinda vyote viwili. Kosa ni kuwa na jibu moja la safari zote, au kumpa kila mtu usafiri kulingana na cheo chake. Tiketi ya ndege iliyonunuliwa jana yake ndiyo risiti inayoniumiza zaidi kwenye faili, kwa sababu mkutano wenyewe ulijulikana tangu mwezi uliopita.

Na kuna jambo ambalo kampuni zenye ofisi Nairobi na Kisumu hulisahau: Nakuru iko katikati. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 160, kutoka Kisumu kama 190. Mkutano wa robo mwaka ukianza saa nne asubuhi na kumalizika saa nane mchana pale Nakuru, kila upande unafika kwake kabla giza halijaingia, wakiwa na dereva ambaye hakukaa mkutanoni. Unalipia ukumbi na chakula cha mchana. Vyumba kumi vya Nairobi vinatoweka kwenye bajeti.

Kalenda inakuja tena kwenye malazi. Bei ya chumba Naivasha wiki ya Safari Rally, tangu mashindano ya dunia yaliporudi mwaka 2021, haifanani na bei ya wiki nyingine yoyote, na joto lake linafika hadi Nakuru mjini. Kisumu ilipopokea kongamano la Africities mwezi Mei 2022, kupata chumba cha bei ya kawaida ilikuwa shida. Nauli za matatu nazo hupanda Desemba, Pasaka, na siku wanafunzi wanapofunga au kufungua shule. Tarehe hizi zinajulikana. Ziandike ukutani mwezi Januari, na usipange mafunzo ya wafanyakazi juu yake.

Kuhusu bei za vyumba, wahasibu wengi huamini kwamba ni hoteli kubwa tu zinazopunguza. Mimi nimepata nafuu kubwa zaidi kwenye gesti za watu wa kawaida, na silaha yangu ni kulipa kwa wakati. Wenye malazi wengi huku wameumizwa na wateja wa mkopo wanaolala leo na kulipa mwaka ujao. Nilipokwenda kuongea na mama mmoja mwenye gesti safi Bungoma, nilimwambia, "Mama, watu wetu watakuja kila mwezi, tutakutumia orodha wiki moja kabla, na pesa itaingia kwa till yako ya M-Pesa kabla hawajafika." Alinitazama akasema, "Mwanangu, ukinilipa hivyo, bei nitakupa ya watu wa nyumbani." Alitimiza, na kiamsha kinywa akakijumuisha humohumo.

Lakini kabla ya kukubaliana bei, uliza kama anatoa ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa aina chache ambazo sheria imeziacha nje. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Chukua mfano wa vyumba viwili. Kimoja ni Sh4,500 na mwenyewe anakupa karatasi ya kitabu cha dukani. Kingine ni Sh5,500 chenye ankara kamili. Kwa kampuni inayopata faida, kile cha Sh5,500 kinapunguza kodi kwa Sh1,650, hivyo kimekugharimu Sh3,850. Cha Sh4,500 kimekugharimu Sh4,500 kamili. Meneja anayemsifu mtu wake kwa kulala kwenye chumba rahisi anaweza kuwa anasifu hasara.

Kwa hiyo kila mtu wetu anayesafiri anabeba kadi ndogo yenye jina la kampuni na PIN yake ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, na anaionyesha kaunta kabla ya kulipa. Ukishaondoka, kurudi kuomba ankara iandikwe upya kwa PIN sahihi ni kazi ya simu nyingi. Na tuelewane kuhusu ujumbe wa M-Pesa: unathibitisha kwamba pesa imetoka, lakini ankara ni kitu kingine. Nauli za matatu na boda boda, ambazo hazina ankara, tunaziingiza ndani ya posho ya siku. Kuanzia 1 Julai 2025, posho ya hadi Sh10,000 kwa siku, kwa mfanyakazi aliye kazini nje ya kituo chake cha kawaida, haihesabiwi kuwa mapato ya kutozwa kodi. Awali kiwango kilikuwa Sh2,000. Wengine wamelisoma hilo kana kwamba serikali imeagiza walipwe elfu kumi. Huo ni mpaka wa kodi tu. Posho yako iweke kulingana na bei halisi za chakula na usafiri wa mahali mtu anapokwenda; Kisii na Nairobi haziwezi kuwa na kiwango kimoja.

Masurufu, yaani pesa anazopewa mfanyakazi mkononi kabla ya safari, yawe madogo. Chumba kilipwe na ofisi moja kwa moja, mafuta yalipwe kwa kadi ya mafuta, mfanyakazi abaki na pesa za chakula na nauli pekee. Hapo hata kurejesha hesabu kunakuwa rahisi, na tumeweka siku saba. Siku hizo saba zinaifunga ofisi pia: mfanyakazi aliyetumia pesa zake arudishiwe ndani ya muda huohuo. Nimewaona watu wazuri wakichukua mikopo ya simu yenye riba ili wakamilishe safari ya mwajiri, kisha wakakaa wiki kadhaa wakingoja saini ya meneja. Hiyo ni kampuni kujikopesha kutoka mfukoni mwa mfanyakazi wake.

Anayetumia gari lake mwenyewe mlipe kwa kilomita. Viwango vya AA Kenya, chama cha wenye magari, ni msingi mzuri kwa sababu vinahesabu tairi, sevisi na uchakavu juu ya mafuta. Kwa magari ya kampuni, bei mpya za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, basi makadirio ya safari nayo yabadilike siku inayofuata. Andika kilomita za kuondoka na za kurudi, gawanya kwa lita. Gari likianza kwenda kilomita saba kwa lita badala ya kumi, kwanza lipeleke kwa fundi, ndipo umuulize dereva.

Kuna pesa moja ambayo sitaki uiokoe kamwe, nayo ni ya usiku mmoja wa kulala ili mtu asiendeshe gizani. Barabara yetu ya Salgaa, Sachangwan, Mau Summit hadi Kericho ina malori mazito, miteremko mirefu na ukungu. Pale makutano ya Londiani, jioni moja ya Juni 2023, zaidi ya watu 50 walikufa kwenye ajali iliyotokea hata kabla ya usiku. Hata ukitazama kwa macho ya mhasibu tu, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inaweka fidia ya kifo kuwa mishahara ya miezi 96. Sisi gari la kampuni halitembei baada ya saa moja jioni, na dereva ana ruhusa ya kutafuta chumba bila kumpigia mtu yeyote simu kuomba.

Ukitaka kuanza wiki hii, chukua daftari la gari na risiti za miezi mitatu iliyopita. Chora kila safari kwenye ramani kwa tarehe zake. Safari zilizopita barabara moja ndani ya wiki moja zitie alama nyekundu, kisha waite mameneja waliozisaini wakae meza moja, wapange mwezi ujao pamoja.