Captain Beefheart: nianzie albamu ipi, niikimbie ipi?

SWALI: Mambo vipi kaka, watu wamenisifia sana huyu mwanamuziki wa Marekani, Captain Beefheart, wakaniambia albamu yake kali kuliko zote ni Trout Mask Replica. Nikaiweka, ngoma ya tatu tu nikazima maana kila mtu kwenye bendi anapiga cha kwake. Tatizo ni mimi au yeye? Na wewe albamu zake ungezipangaje?

JIBU: Tatizo ni aliyekwambia uanzie hapo. Hiyo ya 1969 ina ngoma 28, prodyuza ni mwanamuziki mwenzake Frank Zappa, na amini usiamini hakuna anayepiga ovyo pale. Bendi ilijifungia miezi kibao kwenye nyumba moja Los Angeles, Beefheart anagonga piano ambayo hata kuipiga hajui, mpiga dramu John French anaandika noti, halafu kila mtu anapewa kipande chake akikariri mpaka kimkae, ndo maana studio walimaliza sehemu kubwa ya muziki kwa masaa machache tu. Wanamuziki wenyewe walishasimulia kwamba mle ndani kulikuwa na njaa na manyanyaso, kwa hiyo wanaoisimulia kama hadithi tamu ya wasanii huwa wananikera kidogo. Naiheshimu, naipa nafasi ya pili.

Ya kwanza kwangu ni Lick My Decals Off, Baby ya 1970. Uchizi ni uleule ila umebanwa, Art Tripp kaja na marimba zake zinazogombana na gita, hakuna sekunde ya kujaza nafasi. Ya tatu Doc at the Radar Station, 1980, jamaa kachoka ila kang'ata kweli. Halafu Clear Spot ya 1972 na Safe as Milk ya 1967, ile yenye mpiga gita Ry Cooder akiwa bado kijana mdogo.

Katikati huko iko Strictly Personal ya 1968, ngoma nzuri zimeharibiwa na maefekti yaliyomwagwa wakati wa kumiksi. The Spotlight Kid nayo taratibu mno, inakokota.

Chini kabisa ziko mbili za 1974. Wengi wanasema Bluejeans & Moonbeams ndo mbovu zaidi, mi nabisha, ile angalau ilipigwa na wanamuziki wapya, bendi yake ilikuwa imeshamkimbia. Unconditionally Guaranteed ndo inauma, maana wengi wao ni walewale waliopiga Decals wamepewa vijinyimbo vya mapenzi vya redioni, unawasikia kabisa hawataki, na sauti yake ile nzito ya kuunguruma imelainishwa mpaka basi.

We anza na Clear Spot, prodyuza Ted Templeman kairekodi safi, na usiruke ngoma ya Big Eyed Beans from Venus. Ikikukaa nenda Decals. Trout Mask urudi baadaye, tena ngoma nne tano kwa siku, ukiimeza yote kwa mpigo utaizima tena.