Kompyuta ya zamani: pima kwanza, ununue baadaye

Kompyuta ikichukua dakika nne kuwaka, wengi hukimbilia kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa), na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, kisha tazama safu za Memory na Disk. Diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku RAM ikiwa nusu tu, unahitaji SSD, yaani diski ya chipu. RAM ikipita asilimia 85 na hujafungua ila kivinjari na barua moja, ongeza RAM. Zote mbili zikiwa juu, kuna mtego: RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo diski inaonekana mkosaji kumbe inabebeshwa tu.

Kwa kompyuta za mtumba zilizojaa Kampala, SSD ya inchi 2.5 inayotumia kiunganishi cha SATA ndiyo huleta nafuu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Diski ya kuzunguka husoma kwa kichwa kinachohamahama juu ya sahani. SSD haina cha kuzunguka. GB 240 zinatosha, picha na video zibaki kwenye diski ya zamani. Lakini kabla hujaiamini hiyo ya zamani, ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 au C5 (sehemu za diski zilizoharibika) ukionyesha zaidi ya sifuri kwenye safu ya Raw Values, nakili faili zako muhimu leo hii, si kesho.

Usinakilie kwenye flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya rolex (chapati ya mayai) mbili tatu. Hizo hudanganya ukubwa: hupokea faili zote kwa utii, kisha ukizifungua hazisomeki. Programu ya H2testw huandika flashi nzima na kuisoma tena, ikakwambia ukweli.

Kuhamisha Windows nzima kwa programu ya Clonezilla kutoka diski ya GB 500 hadi SSD ya GB 240 kwa kawaida hukwama hata kama umetumia GB 80 tu, kwa sababu inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Sisi tunapendelea kusakinisha upya. Uchafu wa miaka yote unabaki nyuma.

RAM inunuliwe kwa aina, si kwa ukubwa tu. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama yako ni DDR3 au DDR4. Haziingiliani, na pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne hutaka DDR3L ya volti 1.35, na ukizipa ya volti 1.5 huenda zisiwake kabisa. Tena, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16.

Kabla ya kupachika RAM, chomoa waya wa umeme (kwa laptopu, na betri), bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi, gusa chuma cha kasha ili mwili utoe umeme tuli. Linganisha pengo, sukuma kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Skrini ikibaki nyeusi, usimlaumu muuzaji bado. Mara nyingi ni vumbi: sugua meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, piga brashi laini kwenye nafasi yake, ujaribu kipande kimoja kimoja. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate.

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa Intel, kuanzia kizazi cha nane. Kuna njia za kuukwepa mlango huo, ila masasisho hayana uhakika. Kwa mashine ya kizazi cha nne yenye GB 4, Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inafaa zaidi. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus; kompyuta yenye BIOS ya zamani (programu ya kuwashia mashine) chagua mpangilio wa MBR, yenye UEFI, mrithi wa BIOS, chagua GPT. Ukikosea hapo, flashi huenda isionekane wakati wa kuwasha. Iendeshe kutoka kwenye flashi kwanza ujaribu Wi-Fi na printa. Mwenye faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha) ajue kwamba nyingi hazifanyi kazi ndani ya LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint.

Deskitopu isiyo na UPS (betri ya akiba) usianze kuisakinishia chochote jioni mawingu yakiwa yamekusanyika. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, unaanza upya. Ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi (bodi kuu) yenyewe inaweza kufa. Na diski ya zamani usiifute mpaka mwezi upite, maana kuna faili moja ambayo utaikumbuka wiki ya tatu.