Jibu: Mara ya kwanza Tanga, siku mbili, nianzie wapi?
Karibu Tanga, dada. Umesema unatoka Singida, una siku mbili na hujawahi kuona bahari.

Basi litakushusha Kange, nje kidogo ya mji. Panda daladala uingie mjini. Ukichukua bodaboda, patana bei kabla hujapanda. Chumba tafuta Ngamiani, mitaa yake inaitwa kwa namba, Barabara ya ngapi na ya ngapi, hata mgeni hapotei.

Bahari kaione Raskazone, jioni jua likishapoa. Lakini ukiniuliza mimi, siku ya pili asubuhi nenda Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini, njia ya Horohoro. Ni miamba ya chokaa iliyotobolewa na maji kwa mamilioni ya miaka. Ndani giza totoro, popo wamejaa darini, na wapo watu wanaofanya matambiko humo mpaka leo, kwa hiyo ingia kwa adabu. Usiingie bila mwongozaji, na vaa viatu visivyoteleza, tafadhali sana. Wageni wengi wanaondoka bila kufika, na inaniuma.

Muda ukibaki, pita Boma la Mjerumani, sasa ni makumbusho ya Urithi. Nguo beba nyepesi, joto la huku si la Singida.