Tarehe iache ilivyo, maajabu yatafute mwanya

Wanaoanza kuandika riwaya za kihistoria zenye majini na maajabu huniuliza sana: niruhusiwe kubadilisha kiasi gani? Kwa anayeandika juu ya Mombasa jibu langu ni fupi. Usibadilishe lolote lililothibitika. Tarehe iache ilivyo, aliyeshinda mwache ashinde, chombo kilichozama kibaki chini. Maajabu yako yaingie pale ambapo waliokuwepo walinyamaza, au waliogopa, au hakuna aliyewauliza. Katika mji huu nafasi kama hizo ni tele.

Tazama Aprili 1498. Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alifika tarehe 7 akatia nanga nje ya bandari yetu. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Siku chache baadaye, usiku, walinzi wa merikebu iliyoitwa Berrio wakahisi amari, kamba ya nanga, inatikisika. Mreno aliyeandika habari za safari ile anasema mwanzoni walidhani ni jodari. Kisha wakatambua kuwa ni watu, waogeleaji waliokuja gizani kukata kamba za nanga. Tarehe 13 merikebu zikaondoka kuelekea Malindi.

Rudi hapo kwenye jodari. Mabaharia waliokwisha kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika waliyakodolea macho maji ya Mombasa wasijue wanachokiona ni samaki au binadamu. Mwandishi wa maajabu atake nini zaidi? Adui mwenyewe amekufungulia mlango. Unaweza kukaa sura nzima ndani ya dakika zile chache za kutojua. Lakini merikebu hazizami, kwa sababu hazikuzama. Waogeleaji wako, hata wakiwa wana wa majini, lazima kazi iwashinde usiku ule, na wewe utalazimika kueleza ilikuwaje kiumbe mwenye nguvu za jini akashindwa na kamba. Hapo ndipo riwaya inapozaliwa. Anayeamua kuzizamisha merikebu hana tena cha kueleza, na msomaji wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, anayeijua historia ya mji wake atakifunga kitabu papo hapo.

Ukweli wa mambo madogo uheshimu vilevile. Mhusika wako wa 1498 hali ugali wa mahindi wala muhogo wa nazi, maana mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika na vilikuja kwetu baada ya Wareno. Mpe mtama, wali, ndizi, samaki, nazi. Upepo nao una zamu yake. Jahazi la Maskati huja na kaskazi, upepo utokao kaskazini, na likingoja hurudi na kusi, upepo utokao kusini. Ukilifikisha Mombasa mwezi wa Julai, wakati wa kusi, basi uwe ni uchawi, na watu wote walioko pwani washangae. Wasiposhangaa, msomaji atajua kuwa ni wewe hukujua.

Majini nayo yana sheria, na sheria hizo usizitunge mezani. Nenda ukaulize. Wazee wa Mji wa Kale ukiwauliza kama wanaamini majini, watakuangalia tu. Waulize kwa nini mtu hupiga bismillahi kabla ya kumwaga maji ya moto usiku, au kwa nini mtoto hukatazwa kupiga mluzi baada ya magharibi, na kahawa itapoa mezani. Fika pia kwenye mnara wa Mbaraki, ule wa mawe ya matumbawe ulio karibu na bandari. Kando yake palikuwa na msikiti, na msikiti ulipokwisha kuachwa watu waliendelea kuja kumwomba pepo aliyesemwa kuwa anakaa ndani. Ukiziona chupa za marashi zilizoletwa hapo utaelewa kwamba unachokiita maajabu, kwa jirani yako ni haja anayoipeleka mahali. Kiandike kwa adabu hiyo.

Adabu hiyo inawahusu wafu pia. Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa, alilelewa Goa, Uhindi, na mapadri wa Kireno wakampa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme, na tarehe 16 Agosti 1631 akamuua kapiteni wa Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno hapa Mombasa, na kuiteka ngome. Mwaka uliofuata aliuacha mji akaingia baharini. Mtu kama huyo usimpe pepo wa kumwamrisha. Sababu zake za kibinadamu zinatosha, na ukimtia jini kichwani umemnyang'anya kitendo chake. Mimi huwapa maajabu wahusika niliowabuni, wale walioishi kweli huwaachia akili na makosa yao. Hata koo za Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, zingali hapa, na mtu ana haki ya kumkuta babu yake kitabuni bila kuonewa.

Kuhusu riziki nisiseme mengi: wachapishaji wengi hutazama kwanza soko la shule, kwa hiyo uwe na kazi nyingine ya kukulisha na uandike alfajiri.

Kwa sasa riwaya yangu iko ndani ya ngome hiyo, iliyokuwa imerudi mikononi mwa Wareno, wakati Waomani walipoizingira, kuanzia Machi 1696. Maradhi yaliua watu wengi sana. Katikati ya 1697 Wareno walikuwa karibu wamekwisha, na ngome ikashikiliwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake, pamoja na wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Bwana Daud jina lake limehifadhiwa. Wale wanawake, waliobeba silaha na kulinda kuta, hakuna hata mmoja niliyemkuta ametajwa kwa jina. Nimewapa majina, na mmoja wao nimempa uwezo wa kuzungumza na waliokufa, kwa sababu mle ndani wafu ndio walikuwa wengi. Ngome itaanguka tarehe 13 Desemba 1698 kama ilivyoanguka, na hata yeye hawezi kuizuia. Ninachokiandika asubuhi hizi ni aliyoambiwa na maiti wale, na nani kati ya walio hai alikubali kumsikiliza.